Ya Kichogo

Nimeingia dukani na mfuko wa nailoni,
ndani yake mashine ya mwaka tisini,
waya umefungwa kwa mpira wa nywele.
Nje, Oulu, theluji ya Machi imekuwa uji.
"Chomeka," nikamwambia Ilmari, muuzaji.

Kioo kipana kama mlango, bapa, hakina kichogo.
Chura wangu akatokea amenenepa,
kavutwa huku na huku kama aliyetoka karamu mbili.
Nikabonyeza: ruka.
Akafikiri kwanza.
Akatumbukia.
Tena. Akatumbukia.

Ni kufumba tu, hata si kufumbua,
lakini shimo halingoji.

Ilmari akapekua menyu, akazima madoido,
akamrudishia chura kiuno chake,
giza kushoto, giza kulia.
Nikabonyeza. Akaruka pamoja na kidole.

Mwanangu Eino anataka picha mia na ishirini kwa sekunde,
magari yanayong'aa mvua.
Apate. Nimelipa, awamu kumi na mbili.

Ila ile ya zamani,
ambayo mimi na kaka Veijo tuliipandisha ghorofa ya tatu
tukitukanana kila ngazi,
haitoki.
Bastola ya plastiki haioni shabaha kwenye kioo kipya;
kwenye ya kichogo bado inaua.
Na nikiiwasha bila kaseti
inavuma, malaika ya mkono yanasimama,
chenga zinajaa:
theluji ya ndani, kavu,
ambayo Veijo aliitazama mpaka akalala
na viatu miguuni.