Mstari Katikati ya Karatasi

Nimekunjua karatasi ya kufungia sukari,
nikapiga mstari katikati kwa rula ya mwanangu:
kushoto faida, kulia hasara.
Jumba lenyewe liko Nyali, ghorofa kumi na nne,
jeupe hadi linaumiza macho,
bado linanuka rangi.

Kushoto nikaandika: upepo.
Ghorofa ya tisa haina mbu.
Nadhani nao waliulizwa amana ya miezi mitatu
wakarudi zao chini.

Kulia: amana ya miezi mitatu.
Ada ya huduma, ambayo hupanda bila lifti.
Maji ya bomba yana chumvi, chai hukataa kuwa chai,
na lori la maji matamu huja Jumanne, likitaka.
Ni marufuku kuanika nguo barazani.
Ni marufuku jiko la makaa.
(Na samaki wa kupaka? Nimepiga mstari chini yake mara mbili.)
Chumvi hula bawaba, hula pasi, hula miguu ya friji;
jirani aliyehamia mwezi wa tatu
ameshabadilisha kitasa.

Mwachiro, wakala, ana viatu vya ncha kali.
Alivuta pazia kama anayemfunua bibi harusi:
"Tazameni mandhari."
Nikatazama. Ni pale pale.
Pale tulipokuja Idi Mosi, watoto saba
nyuma ya pikapu ya Ami Badi,
sufuria ya pilau imefungwa kwa shuka.
Kile kijia sasa kina geti,
na mlinzi huuliza unakwenda kumwona nani.
Nakwenda kuiona bahari, bwana. Twajuana.

Hilo niliandike upande gani:
elfu sitini na tano kila mwezi
nitazame kwa juu
mahali nilipooga bure?

Lakini magoti ya mama.
Kibokoni ngazi zetu ni za mawe, vidato ishirini na viwili,
naye huvishuka kinyumenyume, ameshika kamba,
kila kidato na jina la Mola wake.
Kule ni kidole tu.
Alibonyeza vitufe vyote, mama yangu, akacheka,
tukasimama kila ghorofa
mlango ukifunguka kwenye ushoroba mtupu,
hakuna hata kiatu nje ya mlango.

Kati ya ya sita na ya saba umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, Mwachiro akiomba radhi,
mpaka jenereta ikakohoa.
Taa ziliporudi, mama alikuwa amenyoosha mikono
ukuta hadi ukuta, akipima.
"Jeneza huingia humu?"
Mwachiro akatazama viatu vyake.
"Ipo lifti ya mizigo, mama."
"Mizigo," akasema mama, bila hasira,
kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

Usidhani naililia nyumba ya zamani.
Dari yavuja juu ya kitanda cha mtoto,
pikipiki hunguruma hadi saa saba usiku,
panya wanatujua kwa majina,
na mwenye nyumba ameanza kuja na watu wa kupima.
Ila jana Bi Khultham aliita dirishani, ng'ambo ya kichochoro,
tukampitishia tangawizi kwa ufagio
bila mtu kuvaa kandambili.
Hilo nalo nimeliandika,
kisha nikalifuta, kwa sababu yeye mwenyewe
anahamia kwa mwanawe Mtwapa.

Usiku mama aliichukua karatasi,
akaisogeza kwenye taa, akaivuta nyuma, akaisogeza tena.
"Mstari wako umekwenda kombo," akasema.
Kweli. Upande wa kushoto una nafasi zaidi.
Sijui ni rula iliyovunjika ncha
au ni mkono.

Akaikunja mara nne, akaitia chini ya chano,
akaniuliza kama pazia za kijani
zitapauka upesi na jua la kule.