Kizibo cha Soda

Kipimo changu kilikuwa kizibo cha soda.
Kizibo kimoja, ndoo moja, koroga kwa bua la mtama,
maji yawe ya njano kama mkojo wa punda.
Hakuna aliyenifundisha. Muuza duka pale Mnadani
aliniuliza tu: "Wanaharisha au wanakoroma?"
Nikasema vyote. Akanipa pakiti mbili.

Siku ya tatu kuku walidonoa pumba tena,
nami nikaifunga pakiti kwa mpira, nikaichomeka kwenye kenchi.
Dawa ni hela. Ya nini kummalizia aliyepona?
Mayai ya siku zile niliyauza. Niseme ukweli:
trei kumi na moja. Ya kumi na mbili tulikula wenyewe.

Mwezi wa kumi, upepo wa Nkuhungu ukihamisha vumbi
banda hadi banda bila kubisha hodi,
wakaanza kuinamisha vichwa.
Kizibo kimoja. Viwili. Vitatu.
Asubuhi nilizoa kuku
kama mtu anayeokota nguo zilizoanguka kambani.

Ndahani wa maabara alikuja na vijiti vya pamba.
Akapangusa kuku. Akapangusa vyombo vya maji,
randa za chini, koki ya simtanki,
na mle ndani, ule utelezi ambao mimi
niliuona kila siku nikauita uzee wa plastiki.

Baada ya siku nne akanionyesha kisahani:
vidonge sita vidogo juu ya kitu kama uji ulioganda.
"Dawa ikiwaweza," akasema, "hufagia uwanja kuizunguka."
Kimoja kilikuwa na uwanja.
Kwenye vile vitano vijidudu wamelala hadi ukingoni,
wamejibanza kwa dawa
kama mbuzi kwenye kivuli cha ukuta, saa saba mchana.

"Na hawa hawakuanzia kwa kuku. Wametoka kwenye tangi."

Mwaka ule sikumaliza ada ya Lechipya.
Kumbe kuna niliowasomesha,
kizibo kwa kizibo,
wakafaulu, wakabaki kufundisha wenzao.
Na samadi nilishamuuzia Chibago, viroba thelathini,
kwa mchicha wake wa korongoni.

Tangi nimelisugua hadi vidole vimechanika.

Lechipya ana kidonda kifundoni, wiki ya tatu sasa.
Nesi ameandika dawa.
Naikodolea macho karatasi, nasoma jina taratibu,
herufi kwa herufi,
na kabla sijafika mwisho nalijua:
liko nyumbani, kwenye kenchi,
limefungwa kwa mpira.