Herufi Yenye Kijiti

Jina la mji wetu, Łódź, huanza na L
iliyochomwa kijiti tumboni.
Ukikisahau umetaja mahali pasipokuwepo.
Miaka arobaini na mitatu nimelipwa mshahara
ili kijiti hicho kisisahauliwe.

Nilichora lebo. Jamu ya plamu, kiwi ya viatu,
chumvi ya kuogea, dawa ya mende.
Ile ya mende ilipata tuzo.
Mama akaikata kwenye boksi, akaibandika juu ya jiko,
na wageni wakala huku mende akiwatazama.
Mama alikuwa mfumaji, zamu ya usiku, kiwanda cha pamba.
Kuhusu kazi yangu alinifunza neno moja tu:
uzi ukienda upande, usijidanganye, mnunuzi ataona.

Bogumiła alinivua shati mlangoni.
"Na gundi hiyo huingii."
Mimi, mpumbavu, niliiona ni harufu ya mkate.
Jagna wetu alijifunza kutembea
akishika mguu wa meza ya kuchorea,
si wangu. Picha ipo: yeye, meza,
na mgongo wa mtu aliyeinamia milimita.

Mwaka wa tisini na tatu ikaja kompyuta,
sanduku lake kubwa kama friji.
Kijana Radomił, miaka ishirini na miwili, akanifundisha;
kipanya nilikiinua hewani, nikangoja kielewe.
Rula, kalamu za wino, karatasi za herufi,
vyote tukavitupa kwenye tela la takataka.
Usiku nikarudi nikaokota wembe mmoja.
Bado una makali. Siku hizi nakatia vidonge
vya presha, nusu asubuhi, nusu jioni.

Walisema kazi imekwisha. Wapi!
Mteja aliyekuwa akingoja wiki mbili
sasa anapiga simu kabla sijameza tonge.

Bogumiła yuko udongoni mwaka wa sita.
Jiwe lake nililichora mwenyewe, kwa penseli,
lakini fundi wa mawe ana mashine mpya,
na mashine ilikinyoosha kile kijiti.
Kikawa sawasawa, kama cha kila mtu.
Sikugombana naye. Nilikuwa nimechoka,
na mvua ilikuwa inanyesha kwenye viatu vya watu.

Jumapili iliyopita Jagna alikuja na simu yake.
"Tazama, baba." Akaandika sentensi moja,
na chai haijakolea, lebo arobaini za jamu,
*Powidła*, *Powidła*, *Powidła*.
Nikavaa miwani ili nizidharau vizuri.
Plamu zinang'aa kama viatu vya karani mgeni.
Majani ya mti usiojulikana.
Ya tano, ya kumi na mbili, upuuzi.

Ya thelathini na moja.

Kijiti kimeinama,
kimekatika kidogo mwishoni,
kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa na mtu mwenye haraka.
Hakuna aliyekichora hivyo kabla yangu,
na mimi sikukibuni. Nilikinakili
kutoka karatasi iliyoachwa juu ya meza ya jikoni:
*siagi, sabuni, na usichelewe tena.*
Katika lugha yetu siagi ina kijiti. Sabuni pia.
Jina lake pia.

Nadhani mashine ilimeza lebo zangu zote
bila kubisha hodi,
na ndani ya lebo ukapita mkono wake,
mkono wenye haraka, wenye sufuria motoni.
Haijui imebeba nini.
Nilitaka kukasirika; hasira haikuja kwa wakati.

"Baba? Kuna nini?"

"W na I," nikasema, nikifuta miwani.
"Nafasi kati yao ni pana mno.
Usiifunge. Ikuze kidogo.
Hapo. Hapo kwenye kijiti."