Ugali Unapoa

Jina langu Shija. Kwetu Usukumani hilo si jina tu,
ni ushahidi: huyu aliwafuata mapacha.
Mwalimu wa darasa la pili, mtu wa Magu,
alinitazama mimi, akamtazama Doto,
akauliza, "Na Kulwa?"
Nikalibeba swali hadi nyumbani pamoja na daftari.

Mama alikuwa anasonga. Hakugeuka.
"Nawa mikono. Ugali unapoa."
Sufuria ilikuwa bado motoni.

Nyumba yetu ya Mabatini ina kuta tatu.
Ya nne ni jiwe. Baba alisema, huko Mungu kashajenga.
Masika jiwe lilitoa jasho, tukatega beseni,
tukatundika kalenda juu yake,
na mgeni akiuliza, "Hili nalo?"
tulishangaa: lipi?

Mama alinunua ndala jozi mbili, namba moja.
Doto alivaa moja. Ya pili ilipanda meli ya Nansio
ndani ya kiroba cha michembe, mkononi mwa baharia.
Ni za shangazi, tuliambiwa.
Shangazi gani huyo
ambaye mguu wake ulikua kila mwaka
sawasawa na mguu wa kaka yangu?

Doto hakuchapwa kamwe. Fimbo zake nilipewa mimi.
Kichwa cha sato kilikuwa chake,
na mama akishamwekea sahanini aliangalia mlangoni.
Akakua anakula haraka haraka
kama mtu anayelipa.

Wazee wa Kirumba husema sangara hakuzaliwa ziwani humu.
Alitiwa. Na nani, kwa ndoo ipi, kila mtu ana lake.
Ila furu walikuwepo, wadogo, wa kila rangi,
na mwaka mmoja wavu ukapanda bila furu.
Hakuna aliyesikia kelele.

Kisha kiharusi. Bugando, kitanda cha dirishani.
Mdomo ulipinda, na maneno yakavujia upande uliopinda,
usiku, akinidhani mimi ni dada yake Mbuke:
"Mzima ndiye niliyemtoa, Mbuke.
Mgonjwa nani angemchukua?
Deni la hospitali lilikuwa refu. Mama yule alikuwa amezika wake.
Alisema mwezi mmoja tu.
Masalu akatia dole gumba."

Nikamkumbuka baba, kila Jumapili,
akisugua dole lile kwa jiwe la kusugulia miguu
mpaka linang'aa, mpaka anatoka damu,
na sisi tukicheka: baba na usafi wake.

Miaka mitatu sasa tangu tumzike mama.
Doto anapasua barafu kule Mwaloni,
jioni anapita kwangu, viganja vimekufa ganzi.
Mara ngapi nimefungua kinywa
nikamwongezea mchuzi!
Kiroba bado kinapanda meli. Mpelekaji ni mimi.
Ndala sasa ni namba kumi.

Jana Milembe wangu kaja na kazi ya shule:
chora ukoo wako. Kamchora bibi, kamchora babu,
jiwe pia kalichora, kalitia macho.
Ubavuni mwa Doto kaacha nafasi.
"Mama, si Shija huwa anafuata mapacha?"

Nikasikia pumzi ya mama ikipanda kooni mwangu,
nikasikia mwiko wake, mgongo wake,
ulimi wangu ukaanza wenyewe: "Nawa mi—"

Doto, tonge mkononi, hakuinua uso.
Tonge halikwenda kinywani wala halikurudi sahanini.
Mtu huyu aliyekula haraka maisha yake yote
alikuwa ametulia, anasubiri,
na nikaona kwamba hakuanza kusubiri jana.

"Ugali utapoa, mama," alisema mtoto.
Nikavuta mkeka, nikakaa.
Acha upoe.