Mbuzi wa Arobaini na Mmoja

Mbuzi arobaini wa mama tuliwauza wazi wazi.
Mnunuzi aliwafumbua midomo, akawahesabu meno,
akapapasa manyoya mpaka ngozini,
na yule mwenye kikohozi
mama alimtenga mwenyewe kabla hajaulizwa.
Kwa fedha hizo nikashuka Ulaanbaatar,
soko la magari, upepo ukichuna masikio,
nikanunua wa arobaini na mmoja
akiwa ndani ya gunia.

Gunia lilimeremeta, sikatai.
Toyota nyeupe, usukani upande usio wetu,
kama nusu ya magari ya mji huu.
"Lilikuwa la bibi mmoja wa Japani," alisema Dorjpalam,
"alikwenda nalo kununua samaki, basi."
Akalipiga gurudumu teke
kana kwamba gurudumu ndilo shahidi.
Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikasema jambo,
laini, la adabu, kwa lugha nisiyoijua.
"Anakukaribisha," alisema Dorjpalam.
Nami, mjinga wa Mungu, nikaitikia: asante.

Siku ya kwanza hita ilipuliza baridi.
Siku ya pili kioo cha nyuma kilishuka chenyewe,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kikagoma kupanda; tukakiziba kwa blanketi la farasi.
Siku ya tatu sikuligusa. Nililiogopa.
Siku ya nne, kwenye kilima cha kwenda shuleni,
ikawaka taa ndogo yenye umbo la kobe.
Nikacheka, kobe!
Kisha nikaelewa maana yake,
na mabasi yakanipita, na baiskeli ikanipita,
na wanafunzi wangu wa darasa la sita
wakanipita kwa miguu, wakinisalimia.

Fundi Purevjav aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini
na mpini sikioni, kama daktari.
Akainua zulia: maji yaliyoganda, kutu chini yake.
Akafungua betri kubwa, akaifunga upesi,
namna mtu anavyofunga mlango wa chumba alichokosea.
"Ulilipa ngapi?"
Nilimtajia nusu, bado akasikitika.

Nikarudi sokoni na maneno niliyoyanoa njia nzima.
Dorjpalam akanimiminia chai ya maziwa na chumvi.
"Dada, na mimi niliuziwa hivyo hivyo."
Nilitaka kuimwaga chai ile miguuni pake.
Ilikuwa tamu. Niliimaliza.

Ni Anujin, binti wa kaka, anayesoma Kijapani,
aliyeingia garini, akasikiliza ile sauti, akaangua kicheko.
"Shangazi, hakukaribishi.
Anasema kadi ya kulipia barabara haimo."
Miezi miwili nimekuwa nikimshukuru!
Kisha akavuta droo ya dashibodi,
chini ya vitambaa na risiti,
daftari jembamba, mwandiko wa penseli:
*Mwezi wa tano, kioo cha nyuma kinashuka.*
*Mvua ikinyesha, maji huingia kushoto.*
*Leo kobe amewaka. Nimezeeka, nalo limezeeka.*
*Atakayelichukua, tafadhali abadilishe betri.*

Bibi alikuwepo kweli, basi.
Na alikwishasema yote.
Ukweli ulivuka bahari ndani ya droo
ukapita mikononi mwa watu watatu, wanne,
na hakuna aliyeujua kusoma,
au aliyetaka kumwita anayejua.

Jana usiku nilichonga penseli.
Chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika kwa Kimongolia
hita, kutu, kiasi cha oili linachokunywa kwa wiki,
na jina la Purevjav, maana ni fundi mwaminifu.

Jumapili kijana kutoka Darkhan anakuja kulitazama.
Simuni aliuliza, "Lina tatizo?"
na kinywa changu kikajibu upesi,
kwa sauti niliyoitambua: "Limetunzwa."

Daftari nimeliweka juu ya kiti cha mbele.
Nimeliondoa.
Mama yuko dirishani, anakata nyama, hasemi kitu.
Nimelirudisha.