Jina la Kienyeji

Sanduku la kumi na saba limefungwa kwa kamba ya katani,
fundo la mtu aliyekuwa na haraka.
Nalifungua kwa kucha. Ni Julai, Nairobi,
baridi imekaa sakafuni kama mgeni asiyeaga,
na humu ndani chai ni marufuku:
tone moja, asema Bi Wambeti,
linatosha kuua msitu uliokwisha kufa mara moja.

Barua za Bwana Penhale. Wino umegeuka rangi ya chai tuliyonyimwa.
Kwa dada yake: mvua, homa, bei ya mafuta ya taa.
Kwa wakubwa wake ng'ambo: naomba karatasi za kukaushia,
nimeishiwa, nakausha kwa magazeti.
Na kweli. Nafunua jani la mwaka thelathini na nane,
nakuta limelala juu ya tangazo la baiskeli
na kuliachia kivuli chake, mshipa kwa mshipa.

Nyuma ya kila barua kuna mtu anapita.
Mulandi amepanda mti.
Mulandi ameanguka, si sana.
Mulandi anataka nyongeza,
na hapo sentensi inakatika, zinaanza habari za kangaga.

Leo, kati ya stakabadhi za sukari na misumari,
nimekuta barua isiyo yake.
Penseli. Kiswahili. Karatasi ya daftari la hesabu.
Haikutumwa; stempu bado imebanwa kwa pini yenye kutu.

    Kwa ndugu yangu Kyengo, salamu sana.
    Mimi mzima ila magoti.
    Huyu Bwana Majani hachoki kuuliza majina.
    Jumanne, kando ya Gitathuru, aling'oa gugu
    ambalo hata mbuzi hulipita.
    Akasema, Mulandi, hili kwenu laitwaje?
    Kwetu haliitwi. Kwetu hung'olewa.
    Lakini mvua ilikuwa inanyesha na mzigo mgongoni,
    nikamwambia: Mbaluka.
    Akanitajisha mara mbili, akaandika.
    Ukimwona Mbaluka mwambie sasa yeye ni gugu
    mpaka atakapolipa yule mbuzi wangu.

Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni,
mpaka Bi Wambeti akainua miwani.

Kisha nikaenda kabati la nane.
Shina limeshonwa kwa uzi mweupe,
maua matatu ambayo nadhani yalikuwa zambarau.
Lebo ya taipu: Ukingo wa mto. Udongo mweusi.
Jina la kienyeji: Mbaluka.
Nusu ya jina la Kilatini ni Penhale.
Basi gugu moja limebeba wanaume wawili,
mmoja kwa heshima, mmoja kwa deni,
na aliyelibeba yeye mgongoni
hayumo.

Kitabu kimoja kilinakili. Cha pili kikanakili cha kwanza.
Cha tatu, chenye picha za rangi,
kimefafanua hata maana: Mbaluka, yaani kiponya kifua.

Kazi yangu ni kuyaingiza haya kwenye kompyuta.
Kistari kinapepesa mbele ya jina.
Nifute?
Nikifuta, nani atamdai Mbaluka?
Miaka themanini na kitu: mbuzi yule
angekuwa zizi, angekuwa karo, angekuwa shamba.

Nimeliacha jina kama lilivyo.
Penye maelezo, herufi mia mbili tu, nimeandika:
Mkusanyaji, Mulandi wa Nzau. Tazama barua, sanduku 17.
Alikuwa amechoka.
Mashine ikakubali bila neno.

Saa kumi na moja nilishuka kwa miguu kuelekea Ngara.
Nyuma ya gereji, kwenye ufa wa ukuta,
paliota kitu chenye maua manne ya zambarau,
majani yamepakwa oili.
Sijui kama ndicho. Yale makavu hayafanani na chochote kilicho hai.
Niliinama, nikafinya jani, nikanusa vidole.
Fundi akatoa kichwa chini ya gari.
Dada, akasema, hiyo inaitwaje?

Manyunyu yalikuwa yameanza,
na mkoba wangu ulikuwa mzito.