Rundo la Tatu

Usipasue kwa hasira, alisema mama,
mti haujakukosea. Tazama ufa wake kwanza.
Nami niliyelisha magogo miaka saba
kwenye kinu cha karatasi kule Webuye,
lori kwa lori, bila kujua hata moja kwa jina,
nikashusha shoka, nikainama, nikatazama.

Februari, Kibingei. Jua limekausha hata mate.
Mkaratusi uliolala tangu Krismasi
unapasuka kwa neno moja tu.
Mparachichi hung'ang'ania shoka kama mdai mlangoni.
Msiala una fundo katikati; hapo huchomekwa kabari,
hupigwa nyundo, huachwa, watu wakanywe chai,
mkirudi umeshakubali wenyewe.

Mama hapasui tena. Mabega yamekataa.
Ameketi juu ya debe lililopinduliwa,
anagonganisha vipande viwili karibu na sikio:
kikilia *ti*, kiende bandani;
kikilia *du*, bado kina mto tumboni, kirudi juani.
Macho yake yana ukungu wa mlimani,
lakini sikio halijamdanganya.

Ganda liangalie juu, anasema, ndilo koti la ukuni.
Acha mwanya wa vidole viwili, upepo upite.
Chini tandika mawe.
Mchwa hana haraka, ila hana usingizi.

Rundo la kwanza, la mvua ya masika.
Rundo la pili, la Julai,
baridi inaposhuka Elgon bila kubisha hodi
na ng'ombe wanatoa moshi puani kama wavutaji.
Rundo la tatu, nyuma ya ghala, msiala mtupu,
limefunikwa mabati ya nyumba yetu ya zamani.
Hilo usiliguse.
Tulijua sote. Hakuna aliyeuliza.
Siku moja tu alisema, akimenya maharagwe:
Sitaki nikiondoka mzunguke kwa majirani
mkiomba kuni za watu kunikeshea.

Mwaka huo mvua haikujua kalenda.
Masika yakala rundo la kwanza, yakaendelea kukaa mezani.
Banda likaegemea upande, likavuja,
rundo la Julai likavimba, likaota uyoga,
ukilitia mafigani linalia povu,
moshi unatutoa nje kama wezi.

Usiku wa tarehe tisa, Wepukhulu kwenye mlango wetu,
tope hadi magotini, tochi imekufa mkononi.
Mkewe. Uchungu tangu saa kumi.
Daraja la chini limekwenda na maji,
pikipiki imerudi, mkunga yuko, moto hakuna.
Kwake wamechoma hata mguu wa kitanda.

Mama akajifunga leso. Hakunitazama.
Leta lile, akasema.
Lipi?
Unajua ni lipi.

Tuliyabeba mabati kwanza, kisha kuni,
mimi na Wepukhulu, mara nne, mara tano,
tukizifunika kwa matumbo yetu.
Msiala wa miaka mitatu hauhitaji kupulizwa.
Ulishika kwa karatasi moja ya daftari,
ukasimama wima katika jiko la watu,
mweupe karibu, bila moshi, bila malalamiko.
Maji yakachemka. Kuta zikaanza kutoa jasho.
Sisi wanaume tuliketi chini ya upenu, kimya,
hadi kitu kidogo kikatukana dunia kwa sauti kubwa.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya ghala
akipapasa mawe pale rundo lilipokuwa.
Vipande kumi na vinne vimesalia. Alivihesabu
mara mbili, kwa vidole.
Nikatafuta neno la kusema. Sikulipata.

Haya, akasema, akajipangusa mikono kwenye leso,
sasa siwezi kwenda popote kwa miaka mitatu.
Ule msiala wa kando ya kisima umezeeka.
Noa shoka.